Mambo Saba Kuhusu Fundi Hetal

Alhamisi, 10 Julai

Askari amefika! Kumbe ni sanduku tu la chuma, jeusi, bapa, kama begi dogo la safari. Nilitegemea kitu cha kutisha zaidi. Mwalimu Clement anasema kila kinachotoka kwenye intaneti kuja shuleni kitapita kwanza humo ndani kikaguliwe, na kibaya kitabaki nje. Ndiyo maana sisi wa kidato cha tatu tumempa jina la Askari. Amewekwa juu ya meza, kwenye kile chumba kidogo nyuma ya chumba cha kompyuta. Madam Evarista, mkuu wetu wa shule, ametoa amri: Askari akilala, hakuna intaneti kwa mtu yeyote.

Fundi ametoka Iringa. Mwanamke, tena Mhindi! Anaitwa Hetal, anafanya kazi kwenye karakana ya mzee Taherali, na kwao ni Ipogolo, Iringa mjini. Rafiki yangu Lusia alitaka kumchokoza, akamsalimu, "Kamwene!" Akidhani atashangaa. Fundi akaitikia Kihehe hadi mwisho, akamuuliza kwao wapi. Idodi, Lusia akasema.

"Basi wewe wa porini, mimi wa mjini. Rudia, unisalimie kwa heshima."

Tulicheka mpaka Mwalimu akachungulia mlangoni.

Mimi ndiye monita wa chumba cha kompyuta, kwa hiyo nilishika tochi. Mbele ya Askari kuna nafasi nne. Moduli ni vile vipande vyenye matundu ya kuchomekea nyaya, vinaingia kwenye nafasi hizo kama droo. Dada Hetal alivaa mkanda wenye waya mkononi, akaubana kwenye chuma, ili umeme wa mwilini usiue moduli. Akaisukuma taratibu kwenye reli zake mpaka ikalia ka! Akakaza skrubu mbili kwa vidole. Taa ya njano. Tukangoja. Kijani!

Aliweka moduli mbili. Nafasi mbili zilizobaki akaziziba kwa vibati. Nikauliza vibati vya nini.

"Anapumua, mdogo wangu. Hewa inaingia mbele inatokea nyuma. Ukiacha tundu wazi inapotea njia."

Akaniambia nisome namba zilizobandikwa mgongoni mwa moduli, nikaziandika zote mbili. Akasema nina mkono wa kazi hii. Kama Madam atakubali, Desemba niende karakana yao Iringa wiki mbili nikajifunze.

Sijamwambia mtu. Hata Lusia.

Ijumaa, 11 Julai

Usafi wa wiki. Vumbi la kiwanjani limeingia mpaka ndani ya droo. Nimemfunika Askari kwa kitambaa nilichokidarizi likizo — maua mekundu, pindo la kijani, kimeshuka vizuri mbele na nyuma mpaka mezani. Nyumbani redio ina chake, friji ina chake, hata chupa ya chai ina chake. Askari akae uchi kwa nini? Kitakaa Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi, kisha nakitoa ili taa zionekane wakati wa vipindi.

Lusia kasema sasa anafanana na bibi harusi wa Kanisa la Moravian.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna intaneti. Moduli ya kushoto haina taa. Madam kakasirika: hata wiki mbili hazijaisha!

Alhamisi, 24 Julai

Dada Hetal amekuja kwa basi la asubuhi. Alizima, akangoja taa zote zife, akavaa mkanda, akachomoa moduli. Akainusa! Kisha akasema, "Imeungua. Joto."

Mwalimu Clement alicheka. "Joto? Julai? Mbeya?"

Leo niliamka maji ya ndoo yana utando wa barafu. Nimevaa masweta mawili. Wote tumevaa masweta mawili. Na fundi mwenyewe alikuwa amejifunga shali mpaka masikioni — halafu anasema joto.

Aligusa ukuta, akaangalia dirisha. Akauliza mwishoni mwa wiki nani anaingia humu. Mwalimu akasema hakuna, ufunguo anao Bupe. Fundi akanitazama. Sio kwa ubaya, lakini alinitazama muda mrefu. Nimejisikia vibaya hadi sasa. Kwa nini aulize hivyo mbele ya mwalimu?

Ameweka moduli mpya. Iliyokufa ameitia kwenye mkoba wake, eti inarudi kiwandani.

Jumatatu, 28 Julai

Tena! Safari hii ni ile ya kulia.

Mwalimu Clement kazungumza peke yake kwa sauti: "Wafanyabiashara bwana. Wanakuletea, inakufa, wanakuletea tena." Nilikuwa nafuta ubao. Nilisikia.

Alhamisi, 31 Julai

Fundi amekuja na moduli bila boksi. Ina mkwaruzo pembeni. Mpya haina mkwaruzo! Anasema ni ya kuazima, ameitoa kwenye kabati la karakana tusikae bila intaneti, na iliyo mpya itafuata. Alimwomba Mwalimu akamtafutie kiti, na kiti kilikuwepo. Mwalimu alipotoka akapiga picha chumba chote kwa simu: dari, dirisha, soketi, mlango.

Kisha akainama kwangu, akanong'ona. "Mdogo wangu, niambie ukweli. Hakuna kitu mnachomfanyia huyu?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna maji, hakuna mtu anayekalia?"

"Hakuna, dada."

Nilijibu kwa uaminifu kabisa. Mimi ndiye ninayemtunza kuliko watu wote! Ananishuku. Kwa nini mtu amshuku mwenzake, kama yeye mwenyewe hana jambo?

Nimeanza orodha ukurasa wa mwisho wa daftari hili.

Jumatatu, 4 Agosti

Ile ya kuazima imekufa. Nimeingia asubuhi, nimetoa kitambaa, giza.

Basi nimeandika vizuri kwa kalamu ya wino na kumpelekea Madam. Mambo saba. Tarehe zote, saa zote. La kwanza, moduli zinakufa mwishoni mwa wiki, na kila mara fundi alikuwa amekuja karibuni, Alhamisi. La pili, huondoka na zilizokufa. La tatu mkwaruzo, la nne kiti, la tano picha, la sita kuulizia ufunguo. La saba: anasema joto. Hilo nililiandika peke yake kwenye mstari, sikueleza. Lilitosha.

Madam Evarista alisoma mara mbili. "Bupe, umefundishwa vizuri," akasema. Akachukua simu palepale akampigia mzee Taherali. Sikuambiwa niondoke. Nilisimama nikisikia sauti ya mzee ikisema ndiyo Madam, ndiyo Madam.

Nilitoka nimenyooka. Lakini uji wa saa nne nilimpa Lusia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Tulipelekwa kwenye maonyesho, tumeona ng'ombe wa maziwa na mashine ya kumenya viazi. Mwalimu Clement alininunulia hindi la kuchoma, akasema yule fundi amesimamishwa kazi. Alhamisi ijayo ataletwa na tajiri wake ajibu. Mzee kasema shule ikithibitisha kwamba anabadilisha moduli nzima kwa mbovu, hawezi kubaki na mwizi, hata kama amemlea kikazi tangu akiwa msichana.

Mwizi. Mimi sikuandika neno hilo popote. Nimerudi kuangalia — sikuandika.

Jioni nimefanya usafi, nimefunika Askari. Amebaki na moduli moja inayofanya kazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nilitaka kumkamata mtu. Niliwaza: fundi hayupo, na kama moduli ya mwisho nayo itakufa, basi kuna mwingine anayeingia. Nilimshuku hata Mwalimu Clement. Ana ufunguo wa akiba, hilo sikuliweka kwenye orodha. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana nikajifungia kwenye chumba kidogo, nikakaa chini nyuma ya mlango na kitabu cha Fizikia.

Saa saba, hakuna mtu. Saa nane, hakuna. Kilichosikika ni feni ya Askari tu. Sikuwahi kuisikia inavyolia siku za Jumamosi, kwa sababu sijawahi kuwa humu Jumamosi. Ililia kama lori linalopanda mlima na mzigo. Nikafikiri imeharibika. Nikasogea.

Kitambaa mbele hakikuwa kinaning'inia. Kilikuwa kimenyonywa. Kimeshikamana na uso wa Askari, maua yangu yote yamebonyea ndani.

Niligusa. Moto! Kama shati lililotoka kwenye pasi.

Nilikivuta. Kilikataa kidogo, kikaachia. Upande wa ndani kulikuwa na mistari ya vumbi, ya kijivu, imenyooka, imepangwa. Nilihesabu kumi na sita. Nikahesabu matundu ya hewa mbele ya Askari. Kumi na sita.

Feni ilishuka polepole. Baada ya dakika kama kumi ilikuwa inanong'ona tu, kama siku za vipindi.

Nilikaa na kile kitambaa mapajani mpaka kengele ya michezo. Siku zote alizokuja fundi ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi kitambaa kiko kabatini, kimekunjwa. Hajawahi kukiona. Aliniuliza. Hakuna kitu mnachomfanyia huyu? Hakuna, dada.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nimemwonyesha Lusia. Amekigeuza upande huu na ule. Kisha akauliza nani mwingine anajua. Nikasema wewe tu.

Nimeficha kitambaa chini ya godoro. Kesho nitampelekea Madam na orodha nyingine, ya jambo moja.

Jumatatu, 11 Agosti

Kitambaa hakipo chini ya godoro!

Nimekikuta kwenye kamba nyuma ya bweni. Kimefuliwa. Kinadondosha maji, cheupe, maua yanang'aa. Hakuna mstari hata mmoja.

Lusia alikuwa amekaa pale juu ya ndoo. "Nimekusaidia," akasema.

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia mtu kelele hivyo. Yeye hakupandisha sauti. "Baba yako atoke Tukuyu aje aambiwe nini? Kwamba mwanaye mwenye akili ameua mashine kwa kuidarizia maua? Wewe ndiye uliyeandika mambo saba, mimi sikuandika."

Nikamwambia kuna mtu atafukuzwa kazi.

"Atapata nyingine. Wale wana maduka."

"Hana duka, Lusia! Ameajiriwa!"

Alinyanyuka akaenda. Sasa sina ushahidi wowote. Na sijui kama alifua kwa ajili yangu au kwa ajili yake, maana alikuwepo tukifunika. Tazama — bado nashuku watu.

Jumatano, 13 Agosti

Nilifika kwa Madam mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akaniangalia kwa upole, akasema, "Usiogope, Bupe. Kesho hutalazimika kumwona." Alidhani nimekuja kwa ajili hiyo. Nikasema ahsante Madam. Nikaondoka! Miguu ilitoka yenyewe.

Nimejaribu kuandika barua. Kila nikianza naona inafanana na kujitetea.

Na Desemba? Bado naiwaza Desemba. Naona aibu kuiandika, lakini naiwaza.

Alhamisi, 14 Agosti

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Madam. Nimetoka kwenye kipindi cha Kemia bila ruhusa. Nimepita karibu na dirisha nikawaona: mzee Taherali mwenye kofia nyeupe ameketi, fimbo katikati ya magoti. Dada Hetal amesimama. Hakuna aliyempa kiti.

Mlango ni mwembamba, nasikia kila neno. Madam anasoma orodha yangu, moja baada ya nyingine.

La kwanza, Dada Hetal anasema kweli. La pili kweli, na anataja namba za moduli zilizorudi kiwandani, kwa kichwa, bila karatasi. La tatu kweli, ya kuazima ina mkwaruzo, ilitoka kwenye kabati lao, mzee anajua. Mzee anaitikia. Kiti — ndiyo, alitaka Mwalimu atoke, kwa sababu wanafunzi hawasemi ukweli mbele ya mwalimu. Picha, ndiyo. Ufunguo, ndiyo.

Kisha Dada Hetal anasema jambo. Nimelisikia vizuri. "Madam, huyu aliyeandika ameandika vizuri. Tarehe zote sawa, mpaka saa. Karakana nzima hatuna mtu anayeandika hivi."

Madam anageuza karatasi. Anasoma la saba.

Mzee anasema kwa sauti ya chini, "Jibu, binti yangu."

"Ni joto, Madam. Nasimama hapo hapo. Lakini linatoka wapi, sijui. Nimetafuta, nimeshindwa."

"Basi," anasema Madam.

Kiti kimeburuzwa. Mzee anasimama.

Nimegonga mlango. Madam kasema bila kufungua, "Subiri nje, tunamaliza."

Natoa kitambaa ndani ya sweta.

Nagonga tena.