Maiki Haikuzimwa

Shoga, nimeumbuka leo. Nimeumbuka vibaya.

Unakijua kile chumba cha giza ninakojifungia na hadubini. Tulikuwa na kikao cha mtandaoni, picha ya hadubini wakiiona wote, nikadhani nimezima maiki. Sikuzima.

Nilikuwa naangalia ubongo wa kitoto cha panya niliyemwondolea protini ya vinyweleo vya seli. Kila seli changa ya ubongo ina kinyweleo chake, ndilo sikio lake. Bila ile protini haisikii inakoitwa. Nyingine zimebahatisha kufika mahali pake, moja imekwama njiani peke yake.

Nikaiambia, tena kwa sauti: "Pole mwanangu. Hata mimi hakuna anayeniita. Nikifika nyumbani nawasha redio ili nisikie mtu."

Redio, shoga. Hadi ya redio nimesema.

Bosi akakohoa. "Hiyo picha ni nzuri, tuiweke kwenye ripoti."

Kikao kikaendelea.

Baadaye nimepishana na wenzangu wote wa kikao koridoni. "Za kazi?" "Nzuri." Basi.

Ile seli, sikio lake nimeliondoa mimi mwenyewe. Hawa nao, nani kawaondolea?