Karatasi ya Kibuyu cha Ulanzi

Kamwene, mjukuu wangu Tulizo. Huku Makambako baridi imeanza, viazi vimekubali, na bibi yako hatoki jikoni.

Umeniuliza uandike nini, maana pipi zilizokamatwa zina kitu ambacho mashine yenu ya maabara haikitambui, na mkubwa wako anataka jibu leo. Andika hivyohivyo: kuna kitu, bado hatujakijua. Akinuna, mwache anune.

Nilipokuwa kijana, nikipima sampuli hospitalini, mama mmoja alileta kibuyu cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, aliokunywa mumewe akaanguka. Nilitafuta sumu tatu nilizozijua, sikuziona. Nikaandika, "Hakuna sumu," nikamrudishia kibuyu chake, kwani kwetu ulanzi haumwagwi hivihivi. Mume alipopata nafuu, wakamwita jirani wamshukuru Mungu pamoja, wakaumaliza.

Yaliyofuata nayaruka.

Yule mama hakunigombeza. Alinionyesha tu ile karatasi, ameikunja vizuri kama cheti cha ubatizo. Akasema, "Tuliisoma kwanza, mwanangu, ndipo tukanywa."

Ni mimi babu yako, niliyekosea kabla yako.