Rafu Niliyoisahau Katika Maabara ya Meno

Mdogo wangu Somoe,

Shikamoo yako niliisikia katika ile sauti uliyonitumia simuni, nami naiitikia kwa kalamu: marahaba, mama. Natumai goti lako limetulia na shemeji amemaliza kuezeka. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila mimi na baridi ya huku bara bado hatujaelewana, mwaka wa thelathini na ngapi sijui huu. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kwa "ehe, halafu?", na hili nataka ulipate kwa mpangilio wake.

Nilikuambia kwamba chuo chetu cha meno kinabadilisha uendeshaji wa kliniki, na kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuandika mpango. Zamani kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuwa na wagonjwa wake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Akiugua, au akiwa na mtihani, mgonjwa hurudi nyumbani bila kuguswa. Nikapendekeza wagonjwa wawe wa kikundi cha wanafunzi wanne, kila mgonjwa awe na namba, na mwanafunzi mwenye nafasi ndiye amhudumie. Nikabadilisha mafaili, zamu za viti, mapokezi, hata mabenchi ya kungojea. Wahadhiri walinuna mwezi mzima, kisha wakazoea. Foleni ikapungua. Nakiri, Somoe, nilijiona mtu.

Maabarani yupo Mama Joyce, fundi wa meno ya bandia, mwenyeji wa huku huku. Kabla hatujaanza aliniita, mikono imemjaa plasta ya kumiminia sanamu za meno.

"Mzee Selemani, na rafu yangu je? Hizi sanamu za vinywa tunaziandika jina la mwanafunzi, si la mgonjwa."

"Ya maabara tutayafikia baadaye," nikamjibu, nikaenda zangu.

Hiyo baadaye sikuifikia. Mwanafunzi mmoja, Mariamu, kwa utaratibu wangu mpya alichukua vipimo vya vinywa vya wagonjwa wawili kwa siku moja. Akaandika jina lake juu ya sanamu zote mbili, kama walivyofanya waliomtangulia. Mama Joyce akatengeneza meno mazuri kweli, seti mbili, na kila seti ikaenda kwa asiye wake.

Mmoja wa hao wawili ni Maalim Chande, mzee wa Kitomanga aliyehamia huku, anayesomesha watoto Kurani. Nilikuwa nimesimama karibu na kiti chake alipovalishwa.

"Jaribu kuongea, babu," Mariamu akamwambia.

Akaanza Bismillahi, ikatoka miluzi. Akayatoa yale meno, akayageuza mkononi. "Mwanangu, haya yana mwenyewe. Na huko aliko anayatafuta."

"Ni yako, babu. Utayazoea tu."

"Hata mke wa pili huzoeleka, lakini angalau huingia mlangoni!"

Kiti cha jirani walicheka mpaka daktari akashusha koleo. Kisha Maalim akaniona mimi, mtu wa pwani mwenzake. "Na wewe mtu wa Somanga umesimama tu! Ndiyo mabadiliko yenyewe haya?"

Kesho yake yule mgonjwa wa pili, mama muuza ndizi, alirudi na malalamiko yale yale, ndipo tukajua kilichotokea.

Siku ya tatu baada ya hapo mkuu wa chuo akaitisha kikao. Barua ya kumwachisha kazi Mama Joyce ilikuwa imeshachapwa, imebaki saini. "Miaka yote hiyo kazini, anashindwa kutofautisha vinywa viwili," akasema mkuu.

"Zilikuwa na jina moja," alijibu Mama Joyce, basi. Hakunitaja. Hakunitazama.

Nikasema, "Aliniuliza habari ya rafu kabla hatujaanza. Nilimwambia baadaye. Katika mpango wangu mzima neno maabara halimo."

Mkuu alivua miwani. "Mzee, unajua hili litaingia kwenye muhtasari?"

"Liingie."

Barua ile haikutiwa saini. Mama Joyce yuko kazini, na sasa kila sanamu ina namba ya mgonjwa. Tuliziandika upya pamoja, rafu baada ya rafu. Meno ya Maalim na ya yule mama yametengenezwa upya bila malipo. Utaratibu wa vikundi umebaki, kwa maana ni mzuri, nami sitaukana kwa sababu ya kosa langu. Ila mkataba wangu, uliokuwa uongezwe miaka miwili, hautaongezwa. Unakwisha mitihani ikiisha.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie mwanao atafute pengine pa kuhifadhi magunia ya korosho. Chumba cha uani kinanitosha. Kitanda nitakuja nacho; vitabu ndivyo vitakavyokushtua. Miaka yote nilikuwa nikikuambia nitarudi nikiwa tayari. Sasa narudi, na tayari sijawa.

Utaniuliza kama najuta kusema. La. Ninachojutia ni zile siku tatu. Nilikuwa nimekwisha kujua kosa ni la nani, na asubuhi zote tatu nilipita mlango wa nyuma ili nisikutane na Mama Joyce. Alikaa siku tatu akiamini sitasema. Hilo hakuna kikao kitakacholiuliza, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa Kikole umwambie dawa zake nimezipata na nitazileta mwenyewe. Binti yako mkubwa apewe pongezi za mtoto. Jirani yenu mshona nguo namsalimu pia, kama bado ananikumbuka.

Na wakikuuliza kwa nini narudi, waambie kazi imekatika kwa kosa langu mwenyewe. Usiniongezee, wala usinipunguzie.

Nduguyo wa tumbo moja,
Selemani