Salum wa Nafasi ya Sifuri

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu kutoka Woolwich. Babu yako kikohozi kimempungua, na mama yako kapata kazi mpya. Umeniuliza kwa nini orodha ya kompyuta huanzia sifuri.

Nilipokuwa msichana hapa London nilisoma kompyuta darasa la jioni. Siku moja nikatenga nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, nikaiita "ndugu", nikaweka humo majina ya ndugu zangu kwa umri: Salum, Asha, Khamis, Zuwena. Nikaiamuru iwaite kuanzia moja. Ikaandika Asha, Khamis, Zuwena. Nikarudia, yakatoka yaleyale.

Salum, kaka yetu mkubwa, alichukuliwa na askari baada ya Mapinduzi kule kwetu, asirudi, na nyumbani hatukumtaja tena. Mashine ilijuaje?

"Kaka yangu hayupo," nikamwambia mwalimu.

"Yupo. Wa kwanza hukaa kwenye sifuri, maana mashine huhesabu umbali kutoka mwanzo, naye yuko mwanzoni penyewe. Wewe hukumwita tu."

Nikaandika sifuri. Jina likajitokeza taratibu, kijani kwenye kioo cheusi, nami nikalitamka kwa sauti.

Nilipofika nyumbani nikamwomba mama anisimulie habari za Salum. Akaanza tangu siku aliyozaliwa.

Nakuombea dua, nawe ule vizuri.

Bibi yako, Mwanaidi