Fimbo ya Shaba Nyuma ya Zahanati

Jumanne, 2 Julai 1996
Uji. Dawa. Kiti uani. Miguu imevimba tena. Consolata, binti yangu, muuguzi wa zahanati hapa Keza, amerudi mchana akikung'uta mkono. Anacheka: "Baba, birika lako limenikataa! Limeniuma mpaka begani." Ni birika la umeme la kuchemshia sindano. Nyaya zake niliziunga mimi. Sikucheka.

Alhamisi, 4 Julai
Niandike nisichoweza kutamka. Mwaka juzi, wakimbizi walipofurika, zahanati ilipewa jenereta na birika lile. Mimi, mwalimu mstaafu wa sayansi, nikaitwa. Waya wa ardhi niliufunga kwenye fimbo ya shaba ndefu kuliko mimi. Ilipasa kupigiliwa yote ardhini, ili umeme ukivuja uishie udongoni, si mwilini mwa mtu. Ikagonga mwamba. Ilikuwa imezama mkono mmoja tu. Mahali nilipachagua mwenyewe, wanaume wakitazama. Niliona haya kusema tuhamie kwingine. Walipokwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi, nilikata kwa msumeno wa chuma sehemu iliyobaki juu. Waliporudi nikasema imezama yote. Wakanipigia makofi.

Ijumaa, 5 Julai
Masika udongo uliloa, hapakuwa na shida. Kiangazi cha mwaka jana ukakauka. Domitila, mkimbizi kutoka Burundi aliyeosha vyombo vya zahanati, aligusa birika akarushwa ukutani. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Nilipoulizwa, nilisema aligusa kwa mikono yenye maji. Nikaongeza kuwa nilikwisha kumwonya. Uongo. Akafukuzwa. Alisema tu, "Ndiyo, Mwalimu."

Tangu hapo, kila asubuhi ya kiangazi nilikwenda kumwaga ndoo ya maji kwenye fimbo ile. Watu walidhani namwagilia maua. Mwaka huu miguu hainifikishi. Udongo umekauka.

Mwoga. Sina neno jingine.

Jumapili, 7 Julai
Siku nne zaidi nilimwacha binti yangu alishike birika lile. Leo, baada ya ibada, nimemweleza yote. Hakupaza sauti.
"Na mimi ungenizika ukiwa umenyamaza, Baba?"
Akaenda kulichomoa.

Jumatano, 10 Julai
Wamepigilia fimbo mpya migombani, penye udongo mweusi. Imezama yote; Consolata alisimama akaona. Nilimwomba awaambie watu ni kosa langu, si la Domitila. Amewaambia. Tangu jana hakuna aliyepita kunijulia hali. Ni haki.

Jumamosi, 13 Julai
Consolata amemleta Domitila kutoka kambini. Wamemrudishia kazi. Amesema atafikiri.

Aliketi mkekani, mkono wa kulia pajani.
"Shikamoo, Mwalimu."
Nilifungua kinywa. Marahaba haikutoka. Alingoja. Kuku wakapita kati yetu.