Baba Akataa Kuandika Jina Langu

S.L.P. 216,
Kangundo.
14 Agosti 2006

Mpendwa Mjomba Ndambuki,

Habari za Trondheim? Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba Anti Mutindi ameizoea kazi mpya. Sisi tu wazima. Nyanya anakusalimu, amerudi kuchuma kahawa ingawa wewe na Mama mmemkataza.

Ile CD uliyonitumia ilifika. Kompyuta ilikuwa imejaa virusi hadi inajizima katikati ya sentensi, kwa hivyo nilihifadhi maandishi ya Baba kando, nikafuta kila kitu na kuweka ule mfumo wa Linux uliokuwa ndani ya CD. Ilinichukua siku mbili. Ilipowaka na kutulia, nilijivuna kimoyomoyo kuliko nilivyojivuna siku ya kupata shahada.

Baba alikuwa na haraka. Ndiye katibu wa ukoo, na historia aliyokuwa akiiandika ilitakiwa isomwe mkutanoni Jumamosi. Nilimweleza aandike jina langu, kisha neno la siri, na mashine itafunguka. Alitazama kioo kwa muda, akainuka, akatoka nje.

Jumatano alisema macho yanamuuma. Nikakuza herufi. Alhamisi akasema rangi ya kahawia inamchosha. Nikaweka buluu. Jioni akatangaza kwamba mashine itapelekwa kwa fundi, irudishwe ilivyokuwa.

Mjomba, niliumia. Nilisoma upya kurasa zote za maelekezo nikitafuta kosa langu.

Mama ndiye aliyenihurumia. "Wewe na masomo yako yote," alisema akichambua ndengu. "Ulitaka baba yako amwandike mama mkwe kwa kidole?"

Nilitamani kujificha. Unajua kwetu mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake, na tangu nizaliwe Baba hajawahi kutamka Syombua. Kwake mimi ni Mwaitu tu, yaani mama, kwa heshima ya mama yako niliyepewa jina lake. Nami nilikuwa nimeliweka jina hilo mlangoni, na maandishi yake yote nimeyatia ndani ya folda inayoitwa hivyo hivyo.

Nilimfungulia akaunti yake mwenyewe kwa jina lake, ndunda, nikahamishia kila kitu huko. Ijumaa aliandika kutwa nzima kwa vidole viwili, akiimba. Habari za fundi zikaisha.

Jumamosi asubuhi, saa moja kabla ya mkutano, akataka kuchapa. Printa ilikuwa haijaunganishwa, na kwenye mfumo huu mwenye mamlaka ya kuiunganisha ni yule aliyesajiliwa kwanza. Kioo kikamdai Baba neno la siri la syombua.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika nguo. Alikuja akasimama mbali kidogo, ameinamisha macho, mikono ameikunja tumboni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mwaitu," akasema taratibu, "tunaomba ruhusa tuchape."

Nikampa. Zikatoka nakala ishirini, na mkutano ukaanza kwa wakati.

Mpe salamu zangu Anti Mutindi na mtoto wenu Musyoka. Mungu awape joto katika nchi hiyo ya baridi, na awarudishe kwetu mkiwa na afya.

Mpwa wako akupendaye daima,
Syombua