Hatua Nyuma Yangu Mtoni

Halinoja, Michigan
Mwisho wa Aprili

Kaka yangu Reino,

Pokea salamu za dada yako, aliyekaa kimya mpaka ukadhani ameganda kwenye theluji. Wewe na wifi mu wazima huko Arizona? Jua bado linawakaanga? Sisi huku hatujambo, ila goti la Mama linalalamika kuliko mwenyewe, na mwenyewe unamjua.

Theluji inayeyuka, na wale samaki wakubwa, trauti, wametoka ziwani kupanda Mto Pikku kutaga. Jirani yetu Urho ameshamnasa jike mmoja mnene, akamrudisha majini kama inavyopasa, na tangu hapo kila apitaye barabarani anasimuliwa. Samaki huyo anakua kila siku: juzi alikuwa kama mkono, jana kama mguu. Baada ya hapo Urho akageukia mambo yetu, kama kawaida yake. Akaniambia Baba naye saa hizi yuko Duluth, anakaangiwa mayai na yule mwanamke wa duka la tumbaku. Nilicheka kwa adabu tu, lakini roho iliniuma.

Unakumbuka ilivyokuwa. Baba aligombana na Mama asubuhi ile, akabamiza mlango, hakurudi. Mwanamke yule naye akahama wiki hiyohiyo, na watu wakajumlisha. Hakuna aliyemtafuta mtoni, kwa sababu ufito wake wa kuvulia ulikuwa umetundikwa palepale ukutani. Wewe uliapa kutotaja jina lake tena. Mama hulitaja kila asubuhi, kwa kulilaani, ndipo kahawa imshuke.

Sasa nikueleze yaliyonikuta Jumanne ya wiki iliyopita. Nilifika mapema kwenye kizingo cha chini, pale mto unapopinda, nikaingia majini upande wa juu, nikaanza kuvua kama tulivyofundishwa: unatupa chambo cha manyoya, unakiacha kibebwe na mkondo, unashuka hatua moja, unatupa tena. Sikuwa nimefika mbali nikasikia changarawe ikisagika nyuma yangu. Nikajua mtu ameingia. Nikashuka hatua, naye akashuka. Hakunisalimu, na hilo halikunishangaza, maana Baba mwenyewe alitufundisha kuwa anayefuata nyuma hasemi neno mpaka wa mbele amalize kuvua. Mara nikasikia harufu ya kiko cha Baba. Niligeuka, Reino. Hapakuwa na mtu, ila maji yalikuwa yamegawanyika mahali pale, kama yanavyogawanyika kwenye miguu ya mtu aliyesimama.

Niliogopa, sikufichi. Mwisho wa kizingo kile mimi huwa siuvui, kwa ajili ya magogo yaliyorundikana pale na kumeza vyambo vya watu. Mara zote hukomea katikati nikatoka. Lakini sheria ya mto wetu unaijua: mwenye mtu nyuma yake hasimami, hushuka mpaka mwisho ili naye apate nafasi. Akili ilisema toka, miguu ikafuata sheria. Nikashuka huku machozi yananitoka, naye nyuma yangu, hatua kwa hatua.

Nilipofika mwisho chambo changu kilinasa kwenye magogo. Nikasogea kukinasua, na hapo nyayo za nyuma zikakoma. Mafuriko ya mwaka huu yameyahamisha magogo ya juu. Chini yake niliona kiatu cha kuvulia, na mguu wa suruali ya mpira uliojaa mchanga.

Ni Baba, kaka. Polisi wamemtoa, na daktari amethibitisha kwa meno. Hakwenda Duluth wala kokote. Miaka yote hii tukimtukana alikuwa hapa, mahali ambapo kengele ya kanisa letu inasikika. Na ufito uliobanwa kando yake ni wako, ule uliouacha darini ulipohamia Arizona. Kwa nini aliuacha wake akachukua wako, sijui. Nadhani alikuwa amekukumbuka, akataka kushika kitu chako. Nabahatisha, lakini hilo naliamini.

Mama nilimwambia jikoni, nikijua ataangua kilio. Aliketi tu, akaniuliza kama maji ya pale ni ya baridi. Nikamjibu ni ya baridi sana. Akainuka na goti lake bovu, akaenda uani kupasua kuni za sauna, kile chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa wafu wetu tangu zamani huoshwa humo. Polisi wakishatukabidhi, hata kama ni mifupa mitupu, amesema ataoshwa na watu wake, kwa maji ya moto. Niliposhika ndoo nimsaidie, alininyang'anya.

“Acha, Verna. Maji ya kumwosha baba huchotwa na mwanawe wa kwanza. Mwandikie Reino, mwambie baba yake ana baridi.”

Nami nimekuandikia. Msalimie sana wifi, na ukija uje na koti zito.

Ni mimi, dada yako akupendaye,
Verna